Karatasi ya Aprili, ethi ya Septemba: kisa cha bomba lililouma Uyui

Lalamiko la kwanza halikuwa la shoti. Lilikuwa la pesa. Chombo cha watumia maji cha kijiji kimoja wilayani Uyui, mkoani Tabora, kilinunua uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kilekile cha siku zote, lakini kuanzia mwishoni mwa Agosti zikawa haziuoni mwisho wa wiki. Mhazini alimshuku kijana anayeendesha pampu: labda anachaji simu za watu kwa malipo, au ana friza ya jamaa kaiunganisha kichakani. Kijana akakana, kisha akatoa wazo ambalo hadi leo namsifu kwalo. Jioni moja wazime pampu mbele ya kamati, wasome mita, wafunge mlango na ufunguo akae nao mwenyekiti, waisome tena asubuhi. Wakafanya hivyo. Pampu haikuzunguka hata dakika moja usiku ule, na mita ilikula uniti mbili na nusu hivi.

Lalamiko la pili lilitoka kwa wafugaji. Ng'ombe walikuwa wakifika kwenye hori la maji, wanashusha vichwa, wanaruka nyuma. Wenye mifugo walisema dawa ya kusafishia maji imezidi. La tatu ni la kina mama, kwamba bomba linauma, hasa asubuhi sakafu ikiwa imelowa. Hilo lilichukuliwa kirahisi kuliko yote, nami nasikitika kusema kwamba ndivyo ilivyo sehemu nyingi: uniti zikipotea kikao kinaitwa siku hiyohiyo, mama akipigwa shoti anaambiwa avae kandambili.

Mambo hayo matatu yalijadiliwa katika vikao tofauti kama vile hayajuani. Mimi, fundi wa umeme, niliitwa kwa ajili ya uniti.

Mfumo ulivyo

Kisima ni cha kuchimbwa kwa mashine, mita 60, kimevikwa bomba la plastiki. Pampu ya kuzama ya fezi moja, kilowati 1.5, imening'inia mita 48 kwa bomba la plastiki pia. Maji yanapanda hadi tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Kutoka kwenye tangi linashuka bomba la chuma lililofungwa kwenye mguu wa mnara, na chini yake kuna koki mbili juu ya sakafu ya zege. Bomba jingine la chuma, lililolazwa juu ya mawe, linapeleka maji kwenye hori la ng'ombe hatua chache pembeni.

Umeme unakuja na waya mbili tu kutoka kwenye nguzo: fezi inayouleta na nyutro inayourudisha. Hakuna waya wa ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliopotea, unaotoka kwenye transfoma, kwa hiyo ethi ni juu ya mteja mwenyewe: ethi rodi moja, fimbo ya chuma ya mita 1.2, imepigwa ardhini nyuma ya kibanda cha pampu, na waya wake unaunganisha bodi ya umeme, pampu na mnara. Juu ya tangi kuna swichi ya boya. Maji yakijaa boya linapanda na kuzima pampu, yakipungua linaiwasha. Kebo ya swichi hiyo imepanda mnara mzima, na fezi inayokwenda kwenye boya haikatiki hata pampu ikiwa imelala. Hapo ndipo mtu anapaswa kuanza kutilia mashaka.

Hoja ya karatasi

Kabla sijafungua bodi, mwenyekiti alinikabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ukaguzi wa mwaka uliotangulia, mwezi Aprili: ukinzani wa ethi, yaani ugumu wa umeme kuingia ardhini, ohm 34. Imepita. Alisema kwa heshima, lakini kwa uzito wa mtu aliyelipia: "Fundi, sisi ethi yetu ilipimwa na waliohusika. Tatizo letu ni mita."

Nilipima mita kwanza ili tuelewane. Ilikuwa nzima. Klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo unaopita, kwenye waya wa fezi, pampu ikiwa imezimwa, ilisoma ampea 0.9. Kwenye nyutro ilisoma sifuri. Umeme ulikuwa unaingia kwa waya mmoja na haurudi kwa mwenzake. Klampu hiyohiyo nikaihamishia kwenye waya wa ethi unaotoka mnarani, ikasoma ampea 0.9. Volti za siku hiyo zilikuwa 226. Zidisha, unapata kama wati 200 zinazomwagwa ardhini usiku na mchana, karibu uniti tano kwa siku. Mwizi aliyekuwa akitafutwa na mhazini amepatikana: ni mnara.

Kutoka bomba la koki hadi chuma nilichokichomeka udongoni hatua 20 mbali, voltimita ilionyesha 214. Kutoka bomba hadi sakafu ya zege iliyolowa, pale anaposimama mchota maji, ilikuwa volti 41. Sakafu ile imekaa chini ya mnara na inapanda volti pamoja nao, ndiyo maana kina mama walitetemeshwa wakaachia. Ingekuwa mtoto amesimama pekupeku kwenye udongo wenye matope akishika bomba la hori, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kiwango ambacho wakaguzi wengi hukihesabu kama mpaka ni volti 50, na kwa sehemu za mifugo na majimaji kuna wanaokishusha hadi 25. Ng'ombe ana miguu minne ardhini na pua ndani ya maji; yeye hakuhitaji kipimo.

Nikazima swichi kuu, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Mwenyekiti hakupenda. Kijiji kizima bila maji mwezi wa Septemba si jambo dogo, na nilikubali wachote kwa ndoo kutoka juu ya tangi kwa ngazi ya mbao, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi ya kuingilia.

Kisha nikapima ethi. Hapa nieleze kidogo kwa sababu ndipo ubishi ulipokuwa. Kipimo cha kawaida kinahitaji vigingi viwili vya msaada, kimoja mbali, kingine katikati. Kwenye udongo mkavu vigingi hivyo vyenyewe havishiki, kwa hiyo unaruhusiwa kuvimwagia maji, maana si vyenyewe vinavyopimwa. Kisichoruhusiwa ni kuimwagilia ethi rodi yenyewe. Nimeona mafundi wakifanya hivyo, ndoo mbili za maji usiku wa kuamkia ukaguzi, na namba inapendeza kweli hadi keshokutwa yake.

Ethi iliyosoma 34 mwezi wa Aprili ilisoma 240.

Mwenyekiti akaniuliza nani kati yetu ni mwongo. Hakuna. Udongo wa pale ni luseni, mchanga wa rangi ya majivu unaopendwa kwa karanga na mihogo. Tabora mvua inaanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, halafu miezi mitano, sita, hakuna tone. Mchanga haushiki maji. Ethi rodi ya mita 1.2 inaishi yote ndani ya ile tabaka inayokauka kabisa. Aliyepima Aprili alipima udongo ulioshiba mvua, akaandika alichokiona, na hakukosea kuandika. Kosa ni kuifanya namba ya Aprili kuwa namba ya mwaka mzima.

Lakini 34 nayo isingemwokoa mtu

Kikao cha jioni kilijaa hoja ya ethi. Mjumbe mmoja alipendekeza chumvi na mkaa, mwingine rodi tatu, mwingine akataka aliyepima mwanzo aitwe arudishe fedha. Niliwaacha waseme, kisha nikaomba tufanye hesabu pamoja ubaoni, maana tulikuwa tumekaa darasani na chaki ilikuwepo.

Breka inayolinda pampu ni ya ampea 20, aina B. Ili ikate papo hapo inahitaji mkondo wa mara tano yake, yaani ampea 100. Gawa volti 226 kwa 100: njia nzima ya umeme kutoka fezi, kupitia mnara, ardhini, hadi transfoma, isizidi ohm 2 na ushei. Ethi ya upande wa transfoma peke yake tuliikadiria ohm 10. Basi hata Aprili, udongo ukiwa tope, kebo ingechubuka na kugusa mnara, zingepita ampea 5 tu. Breka ya 20 inaziona ampea 5 kama mzigo wa halali. Mnara ungekaa na volti 170 na zaidi, na kijiji kingepoteza uniti zaidi ya 27 kwa siku badala ya tano. Cheti kingesema imepita.

Kimya kilikuwa kirefu kidogo, halafu mwalimu wa hesabu wa shule ile akasema, "Kwa hiyo ethi haikati umeme." Hasa. Kwa mfumo huu wa ethi ya mteja mwenyewe, ethi inautengenezea umeme uliopotea njia ya kupita. Wa kukata ni RCD, kile kifaa ambacho mafundi wengi wa hapa bado wanakiita ELCB. Kinalinganisha umeme unaokwenda kwa fezi na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kwa miliampea 30 kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa RCD ya miliampea 30, hesabu ya volti 50 inaruhusu ethi hadi ohm 1,667. Kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo ndizo mafundi wengi wa Tanzania wamefundishwa kwazo, zinashauri isizidi 200 kwa sababu juu ya hapo haiaminiki, itapanda zaidi udongo ukikauka. Ethi yetu mbovu ya 240 ilikuwa imevuka kidogo ushauri huo, lakini RCD ingekata mnara siku kebo ilipogusa, mara ya kwanza, kabla mama yeyote hajaamka.

Na RCD ilikuwepo. Niliifungua bodi mbele yao. Imekaa pale, nzuri, kibonyezo chake cha majaribio hakijachubuka. Waya za kuingia na za kutoka zimekutanishwa nyuma yake kwa kiunganishi. Imepigwa dairekti, umeme unapita kando yake bila kuipitia.

Kwa nini iliondolewa

Wakaguzi wengi wanaishia hapa. Wanaandika "RCD imerukwa, irudishwe", wanapiga muhuri, wanaondoka. Ikirudishwa bila kujua kwa nini ilirukwa, itarukwa tena kabla ya Krismasi, na safari hii hawatakwambia.

Kijana wa pampu alieleza bila woga. RCD ilianza kuruka, yaani kukata umeme yenyewe, wiki chache baada ya mradi kuwashwa, ikatulia kiangazi chote, ikarudi kwa nguvu Januari. Inaruka asubuhi zaidi, anapowasha. Akiirudisha mara tatu, nne, siku nyingine inakubali. Watu wamepanga ndoo, wanamtukana. Kamati ikaita fundi mwingine, si yule wa mwanzo, naye akatafuta shoti siku nzima hakuiona. Jioni akaambiwa afanye chochote maji yatoke.

Angalia mpangilio wa maelezo yale: masika inaruka, kiangazi inatulia, asubuhi ni mbaya zaidi. Nilipima kebo ya pampu kwa mega, kipimo cha insulesheni (ganda linalozuia umeme kuvuja), siku ileile ya Septemba na ilisoma megaohm 40, safi kabisa. Ripoti ya haraka ingesema RCD ndiyo mbovu. Ila kisima nacho kina majira yake. Kijana alikuwa na kamba yenye vifundo anayopimia maji, na daftari: masika maji hulala mita 19 kutoka juu, siku ile yalikuwa mita 27. Kitu fulani kilikuwa kati ya 19 na 27, kinachozama masika na kuning'inia hewani kiangazi. Na usiku, pampu ikipumzika, maji yanapanda. Asubuhi ndiyo yanakikuta.

Tuliivuta pampu juu, vijana wanane na kamba. Kwenye mita 21 tukakuta maungio. Aliyejenga alinunua kebo ya mita 30. Tisa ziliishia kati ya bodi na mdomo wa kisima, 21 zikashuka, zilizobaki akaziunga na kipande kingine. Ameunga kwa tepu nyeusi ya kawaida, ile ya kufungia waya za taa. Maungio ya chini karibu na pampu yalifanywa vizuri, kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Haya ya juu nadhani yalifanywa jua likizama.

Niliyatumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikasubiri, nikapima. Kutoka megaohm 40 yakashuka hadi ohm elfu 11. Kwa volti 226 hiyo ni kama miliampea 20 zinazovuja. RCD ya miliampea 30 hairuhusiwi kukata chini ya 15, na lazima ikate ikifika 30; katikati hapo ni hiari yake. Basi siku nyingine ilikubali, nyingine ilikataa, na fundi wa pili akaiona ina kichaa. Haikuwa na kichaa. Ilikuwa kifaa pekee katika mradi mzima kilichosema kweli mwezi wa Januari, na ndicho kilichofungiwa mdomo.

Kebo ya boya ilikuwa rahisi baada ya hapo. Imefungwa kwa waya wa binding kwenye ukingo wa chuma kisichosawazishwa, upepo wa Julai na Agosti ukaisugua, jua likaikausha ganda. Shaba inaonekana kwa macho ukiwa kwenye ngazi. Bila RCD, hakuna aliyepewa taarifa isipokuwa ng'ombe.

Tulichofanya

Kebo ya kisima ilibadilishwa kwa mita 60 zisizo na kiungo hadi karibu na pampu. Hili lilikuwa ghali kuliko yote na kamati ilinung'unika, niliwaonyesha ndoo.

Boya sikutaka kulirudishia volti 226 hata kwa kebo mpya. Mnara wa chuma wenye bomba la kunywea watu na mifugo hauna sababu ya kubeba umeme wa ukubwa huo. Tuliweka transfoma ndogo na rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, ndani ya kibanda, boya likapata volti 24. Kebo ikichubuka tena, pampu itagoma na kijana atapanda kuangalia, basi.

RCD mpya ya miliampea 30 ilifungwa na kupimwa kwa kipima chake. Ilikata kwenye miliampea 23. Kijana alifundishwa kubonyeza kibonyezo kila mwezi, na pia akaelezwa kwamba kibonyezo kinapima mtambo wa ndani tu. Kitakata hata waya wa ethi ukiwa umeibwa, na waya wa shaba huku huibwa.

Ethi ilitupa kazi. Chumvi na mkaa nilivikataa: chumvi inaoshwa na mvua ya kwanza na inakula rodi, halafu unabaki na shimo la mkaa. Tulijaribu kuunganisha rodi ya pili juu ya ya kwanza ili tushuke zaidi, ikagonga tabaka gumu kama mita 1.7 na kupinda. Mzee mmoja aliyekuwa akitutazama kutoka kivulini akauliza kwa nini tunahangaika mlimani. "Shukeni mbugani, kule ndiko tulikuwa tunachimba visima vya mikono." Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaolimwa mpunga, ulianza mita 35 chini ya mteremko. Unashika unyevu kweli. Ila una tabia moja ya kuiogopa: kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, na ufa ukipita kwenye rodi, rodi inabaki hewani. Basi tulichimba shimo la mita 2, chini ya nyufa, tukapiga rodi mbili zilizoungwa kuanzia sakafu ya shimo, tukafukia kwa udongo uleule tukiushindilia. Waya wa milimita za mraba 16 wenye ganda ulizikwa ndani ya bomba la plastiki hadi kibandani. Mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, ilisoma ohm 21.

Mwenyekiti alifurahia 21 kuliko kitu kingine chochote, akataka iandikwe kwa wino mwekundu. Nikarudia hesabu ya ubaoni: kwa ohm 21, bila RCD, mnara bado ungekaa na volti 150. Nimeiandika kwa wino wa kawaida, na kando yake mwezi wa kipimo, aina ya udongo na kina cha rodi. Kipimo kijacho nimekipanga Septemba.

Fundi wa pili nilikutana naye mjini Tabora. Ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si kishoka. Alinieleza kwamba alimwandikia mhazini kikaratasi kuwa RCD imerukwa kwa muda na kwamba aitwe arudi wiki inayofuata na mega ya kuazima, lakini hakuitwa tena. Mhazini anasema hakuona kikaratasi. Kwa vyovyote, kurukisha kinga na kuacha mfumo ukiwa hai ni jambo ambalo leseni yake haimruhusu, alipewa amri na nani si hoja, na nimemwambia hivyo. Lakini katika ripoti sehemu ndefu zaidi nimeiandika kuhusu kiungo cha mita 21, kwa sababu aliyekifanya alikabidhi mradi, akapewa cheti, na hakuna kipengele chochote katika fomu ya ukaguzi kilichomtaka mtu apime kebo ikiwa imezama.

Mawili yamebaki. Kizuia radi cha kwenye bodi hakijanunuliwa, na mvua za Novemba Tabora huja na ngurumo. Nimewaambia wakate swichi kuu wingu likisimama. Na bomba la hori linatakiwa kubadilishwa kuwa la plastiki. Wafugaji wamesema watachanga wakishauza tumbaku.